Fundo la Ulimi: Kwa Nini Kusema Mbele za Watu Hututisha, na Hofu Hiyo Hufunguliwa Wapi

Watoto wa chuoni hufundishwa dua ya Nabii Musa mapema, kabla hata hawajajua wataihitaji wapi. Wengi wetu tumeinong'ona nje ya mlango wa usaili, ndani ya chumba cha mtihani, au tukiwa tumeshika karatasi iliyolowa jasho huku mshereheshaji akilitaja jina letu kwenye maiki. Imo katika Sura ya Twaha, aya ya 25 hadi ya 28. Musa ametumwa aende kwa Farao, naye anaomba akunjuliwe kifua chake, arahisishiwe kazi yake, lifunguliwe fundo lililo katika ulimi wake, wapate kuyafahamu maneno yake. Biblia, katika kitabu cha Kutoka sura ya 4, inamwonyesha mtu huyohuyo akijitetea kwamba yeye si msemaji na ulimi wake ni mzito, mpaka ndugu yake Haruni anapewa kazi ya kusema kwa niaba yake.

Nimefundisha Kiswahili na kusimamia midahalo ya wanafunzi kwa miaka mingi, na kila nikiisikia dua hiyo mpangilio wake hunishika. Ulimi umekuja wa tatu. Kabla yake kuna kifua, kisha kazi. Baada yake kuna wasikilizaji, na wao ndio sababu ya yote.

Sisi huanzia kwenye ulimi. Mwaka jana jirani yangu, mhazini wa kikoba cha mtaani kwetu, alinijia jioni na daftari lake. Kikao cha mwisho wa mwaka kilikuwa Jumapili, gawio lingechelewa, na yeye ndiye aliyetakiwa kusimama mbele ya wanachama thelathini awaeleze. "Mwalimu, nipe maneno," aliniambia. "Hesabu ninazo. Maneno ndiyo sina." Aliamini kwamba wako watu waliozaliwa na maneno na wako waliozaliwa bila, na kwamba yeye Mungu alimpanga kundi la pili. Mama huyohuyo nimewahi kumsikia akimweleza mchuuzi wa samaki kwa nini bei yake si ya haki, na mchuuzi akapunguza. Maneno alikuwa nayo tele. Alikuwa amefungwa mahali pengine.

Kifua

Mtu anaposimama mbele ya macho mengi, mwili huisoma hali hiyo kuwa ni hatari. Tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, na baada ya dakika kadhaa homoni nyingine, kotisoli, hupanda pia. Moyo hukimbia. Damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, ndiyo maana vidole huwa vya baridi. Mate hukauka, kwa sababu mwili unaojiandaa kukimbia hauna haja ya kusaga chakula. Pumzi hupanda juu kifuani ikawa fupi, misuli ya koo hukaza, na sauti huwa nyembamba na yenye mtetemo. Dalili zote hizo zina kazi kwa mtu anayekimbizwa na nyati. Kwa mtu aliyesimama na daftari nguvu hiyo haina pa kutumika, basi inabaki kumtikisa.

Jambo hili hutokea kwa uhakika kiasi kwamba wanasayansi wamelifanya chombo chao cha kazi. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio la kuamsha msongo ambalo bado linatumika katika maabara nyingi duniani. Mtu hupewa muda mfupi wa kujiandaa, huhutubia jopo kwa dakika 5, kisha kwa dakika 5 nyingine hufanya hesabu kichwani kwa sauti, akianzia 1022 na kutoa 13 kila mara. Wajumbe wa jopo huelekezwa wasitabasamu wala kutikisa kichwa. Kotisoli ya walio wengi hupanda mara 2 hadi 4. Kinachonigusa mimi ni lile jopo. Wataalamu walipotafuta namna ya kumtia binadamu hofu bila kumdhuru, walimwekea mbele yake watu wasiomjibu.

Na hapa desturi yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Salamu ya Kiswahili hudai jibu. Ukisema "Asalaam aleikum", "Bwana asifiwe", au "Hamjambo?", ukumbi mzima hulazimika kufungua kinywa. Kwa sekunde mbili tatu wao ndio wanaosema, na wewe unapata nafasi ya kushusha pumzi. Jopo la nyuso ngumu limekwisha vunjika. Wengi huipoteza nafasi hiyo kwa kuunganisha salamu na sentensi ya kwanza kana kwamba wanakimbizwa. Salimia, nyamaza, acha waitikie mpaka mwisho. Toa pumzi taratibu wakati wanaitikia, kwani moyo hupunguza mwendo kidogo kila tunapotoa pumzi, kisha ndipo uanze. Aliyeelewa hili hana haja ya salamu kumi za mfululizo zinazochosha watu kabla neno halijaanza.

Hofu yenyewe pia haidumu. Hupanda sana wakati wa kungoja na katika dakika ya kwanza ya kusema, kisha kwa watu wengi huanza kushuka yenyewe. Anayelijua hili hajiulizi tena atavumiliaje nusu saa nzima. Ana dakika moja ya kuvuka, na anaweza kuivuka kwa maneno aliyokwisha kuyatayarisha.

Liko pia jambo la kuonekana. Msemaji huamini kwamba kila mtu ukumbini anayaona magoti yake yakigongana na anausikia moyo wake. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walilichunguza hilo, wakakuta kwamba wasemaji hudhani woga wao unaonekana kuliko watazamaji wanavyouona kwa kweli. Tena walipowaeleza baadhi ya wasemaji ukweli huo kabla hawajasimama, hao wakasema vizuri zaidi. Kwa hiyo usitangulize "samahanini, nina wasiwasi kidogo". Umewapa watu kazi ya kuutafuta wasiwasi ambao hawakuwa wameuona.

Vipi kuhusu kujiambia "tulia, tulia"? Mwili uliokwisha kuwashwa hautii amri hiyo kirahisi. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu waliojiambia kabla ya kuhutubia kwamba wana hamasa walipimwa kuwa wenye ushawishi zaidi kuliko waliojiambia wametulia. Moyo unaodunda kwa hofu na moyo unaodunda kwa hamu hudunda kwa namna moja. Jina unalolipa dundo hilo ndilo lenye kuelekeza nguvu zake.

Wapo, hata hivyo, watu ambao hofu yao imevuka mpaka wa kawaida. Mtu anaacha kazi, anakimbia masomo, anakosa mazishi ya ndugu kwa kuogopa kuitwa mbele. Huo si uvivu wala udhaifu wa imani. Ni ugonjwa unaotibika, na wataalamu wa afya ya akili wanazo njia za kumsogeza mtu hatua kwa hatua kuelekea anachokiogopa. Wengine hununua duka la dawa vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo, kama propranololi, kwa kuambiwa tu na rafiki. Nawasihi wasifanye hivyo bila daktari. Kwa mwenye pumu dawa hiyo ni ya hatari.

Kazi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na kila anayenijia, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu tunayoiita ya watu ni hofu ya mtu ambaye bado hajajua anakwenda kusema nini.

Jirani yangu alikuwa ameandika kurasa tatu. Zilianza hivi: "Kwa heshima na taadhima, ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, ndugu wajumbe, itifaki imezingatiwa, kama mnavyofahamu katika kipindi hiki ambacho hali ya uchumi..." Gawio lilitajwa ukurasa wa tatu, katikati ya sentensi. Nikafunga daftari, nikamuuliza, "Dada, mwanachama akikukuta sokoni kesho akakuuliza kwa nini gawio linachelewa, utamjibuje?" Hakufikiri hata kidogo. "Gawio litachelewa wiki tatu. Hakuna shilingi iliyopotea. Wanachama wanne hawajamaliza kurejesha mikopo yao, na tarehe walizoahidi kulipa hizi hapa." Nikamwambia ayaandike hayohayo, kwa mpangilio huohuo. Hotuba ilikuwa imekwisha patikana, nayo ilikaa nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi.

Swali la sokoni ndilo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mtu akikusimamisha njiani akakuuliza unakwenda kusema nini, na ukashindwa kumjibu kwa sentensi mbili, basi ukumbini utashindwa kwa dakika ishirini. Sentensi hizo mbili zikiwapo, mifano na takwimu na hadithi hupata pa kukaa.

Mwalimu Nyerere alikuwa bingwa wa jambo hili, na anayesikiliza hotuba zake leo hushawishika kuamini kwamba alikuwa akipiga soga tu, kwa jinsi alivyouliza maswali na kujijibu, akacheka, akarudia. Ukisikiliza tena kwa makini utaona nguzo. Alipozungumza na waandishi wa habari jijini Dar es Salaam mwaka 1995, alikuwa na mambo mazito ya kusema juu ya Muungano, rushwa, ukabila na udini. Angeweza kuyataja moja baada ya jingine kama orodha ya ajenda, na watu wangeyasahau jioni ileile. Akachukua picha ya nyumba yenye nyufa, kila jambo likawa ufa mmoja, na mtu yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba ya ukuta alielewa kinachofuata ikiwa ufa hauzibwi. Watanzania bado wanaitumia picha hiyo wanapojadili hali ya nchi. Picha ile ilibeba kazi yote ya kukumbuka, kwa msemaji na kwa msikilizaji pia.

Ukiwa na mpangilio wa namna hiyo huna haja ya kukariri hotuba nzima, na sikushauri ukariri. Hotuba iliyokaririwa neno kwa neno ni kama tasbihi: uzi ukikatika mahali pamoja, punje zote zinamwagika. Nimewaona wanafunzi hodari wakisimama kimya, macho juu ya dari, wakilitafuta neno moja lililoanguka, ilhali habari yenyewe wanaijua vizuri. Kariri sentensi mbili za mwanzo, zile za kukuvusha dakika ya kwanza, na sentensi ya mwisho, ili ujue unatua wapi. Katikati beba dondoo chache zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Kwenye wasifu wa marehemu au taarifa ya fedha soma, hakuna aibu. Tarehe na majina ya watoto hayakisiwi.

Kisha ufanye mazoezi kwa sauti, umesimama. Kusoma kimya kitandani hakuhesabiki, maana ulimi haujaonja hayo maneno. Jirekodi kwa simu. Mara ya kwanza utaichukia sauti yako, na ipo sababu: unaposema, wewe huisikia sauti yako kupitia hewa na pia kupitia mifupa ya kichwa, ambayo huiongezea uzito, simu inakupa ile ya hewani peke yake, wanayoisikia wenzako siku zote. Sikiliza mara tatu na mshangao utakwisha, uanze kusikia mambo yenye faida, kama pale ulipokimbia na pale ulipojirudia. Ukipewa dakika tano, jiandae kwa nne.

Halafu kuna kazi ya miezi, ambayo haina njia ya mkato. Kila mara mtu anapokwepa kusema, anapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo humfundisha kukwepa tena. Kinyume chake pia ni kweli: kila anaposema na kurudi kitini salama, mwili unaandika kumbukumbu mpya. Kwa hiyo anza na majukwaa madogo ambayo tayari unayo. Uliza swali moja kwenye mkutano wa wazazi. Omba kutoa neno la shukrani kwenye kamati ya harusi. Ongoza sala kwenye jumuiya. Mwaka 1924 huko Santa Ana, California, Ralph Smedley alianzisha klabu iliyokuja kuitwa Toastmasters, ambayo leo ina matawi hata Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na siri yake ni hiyohiyo: watu wachache, hotuba fupi, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na mwenzako mmoja mwenye jukumu la kukuambia ukweli kwa upole. Kikundi cha marafiki watano chini ya mwembe kinaweza kufanya vivyo hivyo.

Ulimi

Ndipo tunafika kwenye ulimi, na hapa mafunzo mengi ya kuiga kutoka lugha nyingine hayatufai, kwa sababu Kiswahili kina tabia zake.

Lugha yetu hubeba mzigo mkubwa kwenye kichwa cha neno. "Tutalipa" na "hatutalipa" zinatenganishwa na silabi moja ya mwanzo, nayo ni dhaifu, kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Msemaji mwenye pumzi fupi huimeza. Chini ya turubai, spika zikitoa mwangwi na jenereta ikiunguruma nyuma, "ha" hupotea hewani, na nusu ya watu huondoka na ahadi ambayo hukuitoa. Vivyo hivyo "ni", "u", "a" na "wa": aliyetenda yuko pale mwanzoni mwa kitenzi. Wanafunzi wangu nawafanyisha zoezi moja tu la matamshi, kusoma aya huku wakiipa silabi ya kwanza ya kila kitenzi haki yake. Wakilizoea hilo, kasi yao hupungua bila kuambiwa wapunguze.

Upatanisho wa kisarufi nao hutupa mahadhi bila malipo. Novemba 1978, Nyerere alipolitangazia taifa kwamba Tanzania itampiga Idi Amin, aliegemeza hotuba kwenye vitu vitatu: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Maneno ni ya kila siku, hata mtoto anayajua. Muundo mmoja unarudi mara tatu, na "nao, nayo, nayo" zinapiga kama ngoma. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule wanaweza kukumalizia sentensi hiyo. Sikiliza lugha yako inavyotaka kujirudia, uiache ijirudie.

Vijazio vinajulikana: "yaani", "kiukweli", "eee", "kama nilivyosema", "sijui nini". Havifi kwa kukemewa. Hufa pale mtu anapojifunza kwamba kimya cha sekunde mbili, ambacho kwake ni kirefu kama usiku, kwa msikilizaji ni nafasi ya kumeza alichokisikia.

Utasikia kwenye semina nyingi kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti asilimia 38, na uso na mwili asilimia 55. Tarakimu hizo zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu namna watu wanavyotambua hisia ya msemaji, kupenda au kutopenda, pale neno, sauti na uso vinapopingana. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba haziwahusu watu wanaozungumza mambo mengine. Kama zingekuwa kweli kwa kila mazungumzo, ungeelewa karibu yote katika hotuba ya Kichina kwa kumtazama tu anayehutubia. Simama wima, watazame watu, shika maiki upana wa ngumi kutoka kinywani, na ushughulikie maneno.

Jeraha moja la ulimi linaniuma zaidi ya mengine. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya serikali husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Nimewaona watoto waliokuwa wakiongoza mijadala darasa la saba wakinyamaza kabisa mwaka unaofuata. Walisimama mara moja, wakakosea wakati wa kitenzi, darasa likacheka. Wengine wamebeba kicheko hicho hadi ukubwani na wanadhani hawajui kusema, kumbe walichokosa ni lugha moja ya kigeni kwa muhula mmoja. Anayejitambua hapa aanze kujizoeza kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwao. Kifua kikishakunjuka katika lugha unayoimiliki, ile nyingine huifuata. Nimeliona hilo kwa wanafunzi wengi. Na sisi walimu tukizuie kile kicheko.

Jumapili ile nilikwenda kikaoni, nikakaa viti vya nyuma. Jirani yangu alisimama na kadi yake, akasalimia, akangoja. Waliitikia, naye nikamwona mabega yakishuka. Akasema sentensi zake tatu. Mkono ulioshika kadi ulikuwa ukitetemeka, nami niliuona kwa sababu nilikuwa nikiutafuta. Akazisoma tarehe nne za marejesho, moja baada ya nyingine, pole pole, akiwatazama wenye mikopo bila kuwataja majina. Palikuwa na minong'ono, kisha bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akainua mkono.

"Kwa hiyo, mwanangu, hela zetu zipo?"

"Zipo, mama. Wiki tatu."

Bibi akatikisa kichwa kukubali, akafunga mkoba wake, na mwenyekiti akaita ajenda inayofuata.